Hivi kweli Marie Antoinette ndiye aliyeua hariri ya Lyon kwa gauni moja jeupe?

Wadau naomba tulijadili hili, maana kila likitajwa lile gauni la shimizi la Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa wa karne ya 18, watu wanaishia palepale, eti malkia alitupa hariri akavaa melimeli (kitambaa chepesi cha pamba) ya kutoka nje, wafumaji wa hariri wa mji wa Lyon wakakosa kazi, basi kosa ni lake. Mimi nakataa.

Tuanze na picha yenyewe. Mwaka 1783 mchoraji Élisabeth Vigée Le Brun alipeleka kwenye maonyesho ya Salon, Paris, picha ya malkia kavaa gauni jeupe laini lenye marinda, lile la kupitishia kichwani kama shimizi, mshipi kiunoni na kofia ya majani makavu, hamna fremu za kutanua nyonga wala hariri nzito. Watu wakaja juu, malkia kachorwa na nguo ya ndani! Picha ikatolewa ikaletwa nyingine, mama yule yule, ua la waridi mkononi vile vile, ila sasa kavaa hariri. Yaani kilichowauma ni kitambaa.

Wafumaji nawaelewa, tena sana tu. Akivaa malkia wanavaa na wengine, ndo maana 1784 Georgiana, mke wa Duke wa Devonshire kule Uingereza, alionekana na gauni la aina hiyo hiyo alilopewa na malkia mwenyewe. Mfumaji mwenye watoto akiona hivyo lazima aogope.

Lakini pamba hakuileta yeye jamani. Ufaransa ilipiga marufuku vitambaa vya pamba vya maua vya India tangu 1686, miaka zaidi ya 70, na watu wakavaa vya magendo hivyo hivyo mpaka serikali yenyewe ikaachia 1759, wakati huo huyu mnayemlaumu ni mtoto yuko kwao Vienna hajafikisha hata miaka mitano! Halafu 1786 serikali ikasaini mkataba wa kushusha ushuru na Uingereza, bidhaa za pamba za viwanda vya Waingereza zikamiminika. Na baadaye Napoleon, akiwa mtawala wa Ufaransa, alipotaka Lyon ipate kazi aliagiza hariri ya makasri yake huko, akataka na wanawake wa kasri waivae, kwa hiyo dola ilikuwa na uwezo wa kuwabeba wafumaji ikiamua.

Sasa anayesema kosa ni la gauni anijibu, huo mkataba wa 1786 anauweka wapi?