Ushauri: Nataka kupanda vilima vya Mikindani Ijumaa hii, njia inapitika?

Mleta mada: Wakuu, habari za saa hizi. Naishi Dar, kwetu Mikindani. Nataka kupanda vilima vya nyuma ya lile Boma la Wajerumani la 1895, hadi juu unapoiona ghuba yote. Utotoni nilipanda na bibi akienda shamba. Sijafika tangu 2020. Kwa mvua hizi njia ikoje? Nina wasiwasi sana.

Korosho Ghafi: Inapitika ila udongo unateleza. Vaa raba zenye meno. Ukishuka, kula pweza.

Mama Wawili: Mdogo wangu, 2020 usinikumbushe! Nilitoka Dar kwenda Lindi na barakoa ya kitenge, kila stendi ndoo ya maji tiririka na kipande cha sabuni. Nilipofika, mama akanifunika blanketi juu ya sufuria ya mchaichai na malimao, nikajifukiza hadi kanga ikalowa.

Mzee wa Naliendele: Wasiwasi wote huu ni wa utelezi? Kwa nini hukwenda kwenu miaka yote hiyo?

Mleta mada: Basi nasema. Aprili 2020 nilikwenda nikikohoa, nikajua ni vumbi la safari. Bibi alinilisha uji kwa mkono wake. Wiki ya tatu pumzi zikambana, akafariki. Kaburi liko huko juu. Mjomba hakunilaumu, ila hajanipigia tangu mazishi. Tiketi nimeshakata, sijamwambia. Nipande, nisome dua, nishuke. Sioni ubaya.

Mtoto wa Pwani: Hii chai. Aprili 2020 safari zilifungwa, ulipitaje?

Mama Wawili: Zilisimama ndege za kimataifa, tarehe 12 Aprili, zikaruhusiwa 18 Mei. Mabasi ya ndani yalitembea, mimi nilipanda.

Mtoto wa Pwani: Na kaburi kilimani?

Mleta mada: Ni shambani kwetu. Aliomba alazwe chini ya mkorosho wa babu.

Mzee wa Naliendele: Mjukuu wangu, hukupimwa, naye hakupimwa. Hakuna ajuaye. Lakini kupita nyuma ya nyumba ya mjomba wako kwenda kaburini kwa mama yake, hapana. Mpigie leo.

Mleta mada: Nimempigia. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema njia ya shamba imeota upupu, nisipande peke yangu. Atanipokea stendi, panga analo.