Kuweka injini ya 5L kwenye Hilux Vigo ya 1KD: naomba ushauri

Swali

Ndugu zangu, habari za leo. Nina Hilux Vigo ya mwaka 2008, yenye injini ya dizeli ya 1KD ya lita 3.0 na difu ya mbele (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu ya mbele), ambayo huitumia kubeba mpunga kutoka Mbarali hadi Mbeya mjini. Mwezi uliopita taa ya oili iliwaka nikiwa njiani, na kabla sijapata mahali pa kuegesha injini ikaanza kugonga. Fundi ameifungua na kukuta krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) imeliwa vibaya. Jirani yangu ana Hilux ya zamani iliyooza bodi, lakini injini yake ya dizeli ya 5L, yenye pampu ya dizeli ya kawaida isiyotumia kompyuta, bado ni nzima, naye yuko tayari kuniuzia gari zima. Je, injini hiyo itakaa kwenye Vigo bila kukata chesisi, na je, itauweza mzigo wa tani moja kwenye mlima wa kupandia Uyole?

Jibu la 1

Itakaa, ndugu yangu. Toyota wenyewe waliuza Vigo yenye injini ya 5L-E katika baadhi ya nchi, kwa hiyo nafasi ipo, ingawa mauntini (vishikizo vya injini kwenye chesisi) utalazimika kuzitafuta au kuzichongesha. Kwa kuwa unauziwa gari zima, chukua injini pamoja na giaboksi yake, klachi, rejeta, altaneta yenye pampu ya vakyumu inayosaidia breki, na nyaya zote za plagi za kupashia moto, maana kinachowatesa wengi si injini yenyewe bali vitu vidogo walivyoviacha kwenye gari la zamani. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) pia ipimwe mapema isije ikagusa difu ya mbele. Pampu ya 5L haihitaji kontroli boksi (kompyuta ya injini). Inahitaji umeme wa kufungulia dizeli tu. Dashibodi ya Vigo, hata hivyo, imezoea kupata taarifa kutoka kontroli boksi, hivyo funga geji ya pembeni ya joto na ya oili, wala usikubali kuendesha bila hizo.

Jibu la 2

Nakubaliana na fundi aliyetangulia, ila kuhusu mlima sina budi kusema wazi. 1KD ina turbo na hutoa takriban nguvu farasi 163. 5L haina turbo, na nguvu zake ni kama farasi 95 tu. Kwa tani moja utapanda, lakini kwa gia ya pili, polepole, nyuma yako kukiwa na foleni ya malori, na ukiilazimisha ikachemka utapasua silinda hedi (kifuniko cha juu cha injini), ugonjwa unaojulikana sana kwa injini za ukoo wa L. Kabla ya kulipa, hedi ipelekwe karakana ikapimwe nyufa.

Jambo jingine ni chanzo cha kufa kwa 1KD yako. Zile washa (pete nyembamba) za shaba zilizo chini ya nozo zinazopulizia dizeli zikivuja, moshi wa mwako huingia kwenye oili, masizi huganda na kuziba chujio la oili ndani ya sampu, na krenki hukosa oili. Ukikuta ndivyo ilivyokuwa, na bloku ni nzima, linganisha kwanza gharama ya kuijenga upya.

Jibu la 3

Msisahau kadi ya gari. Namba ya injini imeandikwa pale, kwa hiyo badiliko lolote lazima lifikishwe TRA (Mamlaka ya Mapato), pamoja na hati ya mauziano ya gari la jirani na kadi yake halisi. Bima nayo ipewe taarifa, kwa sababu ajali ikitokea na namba hazilingani, madai yako yanaweza kukwama.

Muuliza swali

Nawashukuru sana. Chujio la oili hatukulitazama kabisa. Kesho nitakuwepo gereji fundi akilitoa, na malipo ya jirani yatasubiri hadi hapo.