Gredi ya 7: samaki wa hapa kwa somo la kugundua wenyewe

mwalimu_kisauni
Nataka wanafunzi wagundue uhusiano wa umbo la samaki na chakula chake bila mimi kuwatajia jibu. Ni wanafunzi 45, dakika 80. Ninunue aina gani, na wapime nini?

bahari_darasani
Tafi 3, changu 3, kolekole wadogo 3. Samaki mmoja kwa watoto watano. Nunua dikoni, wavuvi wanaposhusha samaki, umwambie muuzaji asiwapasue. Sokoni wengi hutoa matumbo bila kukuuliza, na hapo huna somo tena. Wakati wa kusi kolekole huadimika, basi gawanya tafi na changu tu.

Samaki wape herufi, usiwataje majina. Kabla ya kupasua, kila kundi litazame mdomo na meno, liandike kwa wino: huyu hula nini, na utumbo wake utakuwa mrefu au mfupi? Kisha wakate kuanzia tundu la haja kwenda kooni, ncha ya mkasi ikielekea nje isije ikatoboa utumbo. Utandazwe kwenye sinia lenye maji kidogo, ufuatishwe kwa uzi, uzi upimwe kwa rula. Wagawanye kwa urefu wa mwili, toka mdomoni hadi shina la mkia. Pezi lenyewe waliache, mara nyingi limechanika. Tafi, mla mimea, hutoa mara kadhaa ya mwili; kolekole, mla nyama, hukaribia 1 au chini yake.

Bi_Maabara
Hapo umesahau miiba ya tafi! 13 mgongoni, 7 nyuma ya tundu la haja, 2 kwenye kila pezi la tumboni, na sumu haiishi akifa. Mwalimu aikate yote mwenyewe kabla ya kipindi. Aliyechomwa aloweke kidonda kwenye maji ya moto anayoyavumilia, yasiyounguza, kisha apelekwe zahanati. Bunju, samaki mwenye sumu kali, asiingie darasani kabisa.

Utumbo usivutwe, hurefuka na hesabu yote huharibika. Samaki aliyekosa barafu utumbo wake hulainika na kukatikakatika mkononi.

mwl_sayansi_likoni
Msiwape jedwali lenye safu za "mla mimea" na "mla nyama". Hilo ni jibu lililovaa kanzu. Safu waziunde wao.

Mwishoni leteni samaki mmoja aitwaye una. Meno yake ni madogo mno, watababaika. Wafungue mdomo wake wazi, waone vichujio virefu vya matamvua vinavyonasa vijidudu vya majini. Kanuni yao ya meno itagoma hapo, na swali la pili watauliza wenyewe.