Kansa ya titi: jeni nzima halafu eti "imezimwa"?

mama_igoma
Wadau habari zenu. Mdogo wangu, miaka 36, kakatwa kinyama kwenye titi, majibu ni kansa na karatasi imeandikwa ER hasi, PR hasi, HER2 hasi. Bibi yetu mzaa mama kule Ukerewe nae alikufa na uvimbe wa titi. Nimeona mtandaoni watafiti wanapima jeni za uvimbe pamoja na epijenetiki wajue unakuaje, sasa kama ni ya kurithi si jeni ndo mbovu, hiyo epi inaingilia wapi? Na mimi nipime?

fundi_maabara
Pole sana dada. ER na PR ni vipokezi vya homoni kwenye seli, HER2 ni protini inayochochea seli kukua. Hizo hasi tatu maana yake uvimbe wake hautegemei hivyo, kwa hiyo vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni havimsaidii, tegemeo kubwa ni kemo. Aina hii inawapata zaidi wanawake weusi na wenye umri mdogo.

Sasa jeni. BRCA1 iko kromosomu ya 17, kazi yake kurekebisha DNA iliyokatika. Kuna anayeirithi ikiwa na kosa, ila kuna mwingine herufi za DNA za jeni hiyo zote ziko sawa halafu vikemikali vya methili vimejibandika pale jeni inapoanzia, seli haiisomi tena, ni kama mashine ya boti nzima kabisa ila mtu kafunga koki ya mafuta. Hiyo ndo epijenetiki uliyouliza, na inaonekana sana kwenye hizi hasi tatu. Ukisoma herufi peke yake utasema jeni iko poa kumbe haifanyi kazi, ndo maana wanapima vyote viwili.

jembe_kirumba
Duh mnamjazia mwenzenu makromosomu. Mayu, kemo ianze, na wale wa miti shamba wakija msiwape hata kiti.

fundi_maabara
Kauliza mwenyewe bana 😅 ila kwenye kemo uko sahihi. Dada, kansa za titi za kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu, na anayepimwa kwanza ni mgonjwa, kwa damu. Akikutwa na kosa la BRCA1 ndo na wewe upime, uwezekano wa kuwa nalo ni nusu kwa nusu. Methili yenyewe inatafutwa kwenye kile kinyama.

mama_igoma
Asante kaka. Hicho kinyama si walishakitupa?

fundi_maabara
Hapana, kinagandishwa kwenye nta kinatunzwa. Ulizia namba ya bloku, iandike kwenye daftari lake la kliniki.