Mbao, changarawe au udongo: njia ipi ya kando ya mto inafaa kwa mtu wa wilichea?

MtembeaPole: Wakuu habari zenu. Nataka kumpeleka mama hifadhi ya kando ya mto, anatumia wilichea ya kawaida ile ya kusukumwa. Pana njia tatu, ya mbao juu ya kinamasi, ya changarawe inayofuata ukingo, na ya udongo inayoingia msituni mpaka kwenye maporomoko. Mvua zimekatika juzijuzi tu. Nishike ipi?

Fundi_Mbao: Mbao mkuu, ila kagua kwanza. Mbao ziwe zimelazwa kukatiza njia, zikilazwa kwa urefu vile vitairi vya mbele vinadumbukia kwenye uwazi na mama anarushwa mbele. Viwango vya Marekani vinataka uwazi usizidi milimita 13. Halafu penye kivuli mbao zinaota ukijani, zikilowa zinateleza vibaya mno, na wewe unayesukuma ndiye breki, ukiteleza wewe mmeteleza wote. Cheki pia kama pembeni kuna ubao wa kuzuia tairi isitoke.

Nyota77: Changarawe msiitupe jamani. Ile ya mawe ya kupondwa yenye kona kona, imechanganywa na vumbi lake ikashindiliwa, inashikana vizuri tu na wilichea inapita. Shida ni zile kokoto za mviringo za mtoni, hizo hazishikani hata ushindilie vipi, tairi zinazama. Ukikutana na kipande kifupi cha hizo mgeuze mama umvute kinyumenyume, tairi kubwa zitangulie.

MzeeWaUkingo: Mbona mto wenyewe hamuusemi? Mto ukifurika unaacha tope laini juu ya njia, likikauka juu unaona pagumu kumbe chini bado bichi. Na kwenye kona, upande wa nje maji yana kasi, yanaula ukingo kwa chini, njia inabaki inaning'inia na kwa macho hujui. Kijana wangu, waulize walinzi kama wameikagua njia ya changarawe tangu maji yashuke. Mkiona ufa unaofuatana na ukingo rudini hapohapo.

Dada_Fimbo: Mimi sioni, natembea na fimbo nyeupe. Njia ya mbao yenye ule ubao wa pembeni naifuata mwenyewe bila kushikwa mkono, na hilo kwangu ni kubwa sana. Ya udongo mizizi naweza kuigundua kwa fimbo, ila matawi ya usawa wa uso fimbo haiyagusi, na hakuna anayekumbuka kuyakata.

MtembeaPole: Asanteni sana wazee wangu na dada. Na milima je?

Fundi_Mbao: Kwa hivyohivyo viwango, mwinuko wa 5%, yaani unapanda mita 1 kwa kila mita 20, unaruhusiwa urefu wowote. Ukifika 1 kwa 12 mwisho ni kama mita 61 halafu lazima pawe na pa kupumzikia. Upana usipungue sentimita 91, na uliza pa kugeuzia, maana kurudi nyuma na wilichea kwenye njia nyembamba ni kazi.

Nyota77: Ya udongo sasa hivi hapana kabisa, hata kwa tairi pana.

MtembeaPole: Nimewapigia walinzi wa hifadhi. Njia ya mbao iko wazi na ina pa kugeuzia mwishoni, ya changarawe wameifunga pale kwenye kona, ukingo umemeguka. Tunaenda na ya mbao, mchana jua likishakausha.