Mapokezi na opereta wa simu: mkoa gani bado wanaajiri?

Binti Kasoro Bahari: Habari zenu wadau. Nina miaka 24, nipo Moro, nina cheti cha mapokezi cha VETA na nimekaa kaunta ya lodji mwaka na nusu, sasa bosi kaniambia mwezi ujao nipumzike kwanza maana wageni hawaeleweki. Nataka kuhama ila sijui nielekee wapi, Dar, Dom, Arusha au nivuke maji? Kiingereza changu kimezidi kile cha kuombea maji, kompyuta naijua, risiti za EFD (ile mashine ya kodi) natoa mwenyewe. Shangazi anasema nisomee uopereta wa simu eti serikalini wanachukua, kweli?

Mzee wa Swichibodi: Mwanangu, shangazi yako bado yuko enzi za Posta na Simu. Nimekalia swichibodi miaka mingi, mtu anapiga unamuuliza unamtaka nani unamuunganisha, bila sisi ofisi haiendi. Leo mtu ana namba ya bosi kwenye WhatsApp, akipiga ya mezani mashine inamwambia bonyeza moja bonyeza mbili. Nilipostaafu hawakuajiri mwingine, simu wakamrundikia binti wa mapokezi. Nafasi za serikalini zikitoka Sekretarieti ya Ajira wanatangaza, kuaplai bure, ila usikae nyumbani unazisubiri. Na mtu akikwambia toa kidogo akuunganishe, kimbia.

Kiwengwa Nje Ndani: Zenji kazi zipo ila uje kwa akili. Juni mpaka Oktoba watalii wanajaa, tena Desemba mpaka Februari, ikifika Aprili na Mei masika hayo, hoteli nyingine zinafunga kabisa (mwaka jana niliambiwa niende "likizo", nikauza juisi wiki saba). Kwa hiyo usije Machi. Mshahara mdogo lakini unakula na kulala hapohapo, na kwetu sevisi chaji (ile pesa ya huduma kwenye bili za wageni tunayogawana) mwezi mzuri inaupita mshahara wenyewe. Kiingereza kila mtu anacho, kinachokutoa ni lugha ya tatu. Huku Waitaliano wengi, sio buongiorno tu hiyo hata watoto wa ufukweni wanaijua, uweze kumweleza mgeni aliyekasirika kwa nini maji ya moto hayatoki.

Dom Area C: Nani kasema wageni hawaeleweki, aje Dodoma Bunge la bajeti, Aprili mpaka mwisho wa Juni chumba unatafuta kwa tochi. Toka serikali ihamie huku watu wa mikoani wanakuja kufuatilia mambo yao wizarani, na semina haziishi. Treni ya umeme toka 2024 imeleta wengi japo wengine siku hizi wanakuja asubuhi jioni wamerudi Dar, hawalali. Tipu sahau. Wanachotaka ni mtu wa kaunta anayejua kuandika profoma invoisi (ankara ya kabla ya malipo) na kufukuzia malipo ya semina bila kugombana na mhasibu. Wewe na EFD yako hiyo ungefaa.

Mama Njiro: Arusha kaa kaunta ukipenda lakini kazi yenyewe ipo rezavesheni (kupokea na kupanga buking za wageni), kampuni za safari. Simu chache, imeili kutwa. Mtu anaandika toka Ujerumani anataka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara mwezi wa pili, wewe ndo wa kumwambia kwa upole kwamba mwezi wa pili nyumbu wako Ndutu, kusini mwa Serengeti, wanazaa, halafu umuuzie Ndutu. Kama hizo mbuga huzijui zisome kwanza, intavyuu utaulizwa.

Dogo wa Hedifoni: Dar nipo koli senta. Wanachukua wengi, wanaondoka wengi. Mkataba unasaini na wakala sio kampuni unayoisemea, dakika zako za kuongea zinahesabiwa, hata kwenda chooni unabonyeza kitufe. Kwa kuanzia sio mbaya ila shifti ya usiku uliza usafiri KABLA hujasaini.

Binti Kasoro Bahari: Asanteni sana aisee. Kwa hiyo masika nikae Dodoma, Juni nivuke maji??

Dom Area C: Hahaha Juni Bunge bado halijaisha, bosi gani atakuachia. Julai labda.

Mzee wa Swichibodi: Kabla ya yote mdai huyo bosi wa Moro barua ya utumishi (ya kuonyesha ulifanya kazi kwake) mwezi haujaisha. Akishakupumzisha hatapokea simu yako.