Naomba ushauri: Michoro ya watoto ianzishe vipi mazungumzo kuhusu wasio na makazi?

Mwalimu wa Sanaa: Wanajukwaa, salamu kwenu. Nimewapa wanafunzi wangu kazi ya kuchora "nyumbani", na ninataka kuwaalika wazazi waitazame michoro hiyo, kisha tuzungumze kuhusu familia zisizo na makazi, kwa sababu wengi hudhani kwamba asiye na makazi ni yule tu anayelala barabarani. Nianzeje bila kumuumiza mtoto yeyote? Maonyesho yamekaribia na usingizi sipati.

Rangi Tatu: Bandika michoro usawa wa macho ya watoto, wala usiipange kwa uzuri. Wakiona iliyopendeza imewekwa mbele, watajua mnashindanisha nyumba zao.

Mlezi wa Wengi: Baba alipoachishwa kazi tulihama nyumba baada ya nyumba. Mwalimu alipotutaka tuchore kwetu, nilichora ghorofa ambalo sikuwahi kuingia, akanisifu mbele ya darasa, nami nikaona aibu mara mbili. Ungewaambia wachore mahali wanapojiona salama, ili kila mmoja achague mwenyewe kiasi cha kusema.

Mshauri Nasaha: Mwalimu, usiupime mchoro kana kwamba ni majibu ya maabara. Tangu mwanasaikolojia John Buck alipotoa mwaka 1948 kipimo chake cha kuchora nyumba, mti na mtu, wapo wanaotafuta siri ya mtoto katika dirisha lililokosekana, ilhali watafiti wengi wametilia shaka tafsiri za namna hiyo. Mwambie mtoto, "Nisimulie mchoro wako," kisha umsikilize. Hata hivyo, maonyesho ya kawaida hayamnyimi mtu usingizi. Ni mchoro gani hasa unaokusumbua?

Mwalimu wa Sanaa: Ni mmoja. Mtoto amechora milango minne, kila mmoja na rangi yake, na mbele ya kila mlango ameweka mkoba uleule wa kijani wenye kamba iliyofungwa fundo. Aliniambia kwamba wao hulala kwa ndugu hadi wakiombwa waondoke. Nimeukuza mchoro huo na kuuweka kwenye kadi za mwaliko, ambazo bado sijazigawa. Jina lake sikuliandika, na ninaamini kwamba bila mchoro huo wazazi wataendelea kudhani jambo hili ni la watu wa mbali.

Mpenda Haki: Kutoandika jina hakutoshi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unalinda faragha ya mtoto katika ibara ya 16, na ibara ya 12 inataka maoni yake yasikilizwe katika mambo yanayomhusu. Huruma isiyoomba ruhusa humvunjia mtu heshima.

Mdadisi: Mniwie radhi, lakini kisa hiki nakiona kama cha kutungwa. Kwanza lilikuwa darasa zima, sasa ni mtoto mmoja, milango minne na mkoba uliokaa vizuri mno kwenye hadithi. Kama ni kweli, mkoba huo umetoka wapi?

Mwalimu wa Sanaa: Sikukitunga. Ni mkoba anaokuja nao darasani kila siku.

Mdadisi: Basi nimekuamini, na hofu yangu imezidi. Wenzake wanaufahamu mkoba huo, na kadi ikifika majumbani watamtaja kabla wazazi hawajamaliza kuisoma.

Mwalimu wa Sanaa: Lakini yeye mwenyewe aliufurahia mchoro ulipokuzwa. Mama yake bado sijamwambia.

Mshauri Nasaha: Kufurahia mchoro wake ukutani si kukubali kwamba wote wajue anakolala. Zuia kadi hizo. Zungumza na mtoto faraghani, kisha na mama yake, na mmoja wao akikataa, mrudishie mtoto mchoro na nakala yake iliyokuzwa. Mazungumzo na wazazi yafungue kwa michoro ya darasa zima, ukiwauliza ni nini kilichomo ndani yake ambacho mtoto hawezi kukibeba familia inapohama.

Mwalimu wa Sanaa: Kadi nimezifungia kabatini. Mama yake huja kumchukua jioni, nitamwomba tuzungumze.